Jicho limebadilika ghafla: jinsi ya kuwahi matibabu na cha kusema ukifika hospitali

Kitu cha kwanza ambacho watu wengi wanakikosea ni kudhani maumivu ndo kipimo. Kwenye jicho sio hivyo kabisa. Kuna jicho linauma mpaka mtu analia usiku kucha na baada ya siku mbili limepona bila kovu, na kuna jicho haliumi hata chembe, halina wekundu, ukijiangalia kwenye kioo liko safi tu, na ndani ya masaa machache ndo limeshazima hivyo, halirudi. Kwa hiyo ile ya "ngoja likianza kuuma ndo niende" itupe kabisa. Mi sio daktari, nimekaa mapokezi ya kliniki ya macho miaka, nimeona nani anaingizwa ndani mbio na nani anakaa benchi mpaka mchana, na mara nyingi kilichowatofautisha ni maneno waliyoyasema pale dirishani. Ndo maana nimeamua kuandika.

Kama kuna kitu kimekumwagikia jichoni, acha kusoma nenda kwenye maji

Simenti, chokaa, asidi ya betri, dawa ya kuzibua mabomba, dawa ya kung'arisha nguo, dawa ya wadudu, mate ya nyoka, chochote kile. Hii ni dharura ambayo tiba yake inaanza hapo hapo ulipo, hospitali inafuata. Usikimbie kutafuta gari kwanza. Maji safi yoyote yaliyo karibu yanatosha, ya bomba, ya chupa, ya ndoo, usihangaike kutafuta maji maalum huku jicho linaendelea kuungua.

Inamisha kichwa ili jicho lililoumia liwe upande wa chini, maji yatokee upande wa pua yaelekee sikioni, la sivyo unaipeleka kemikali kwenye lile jicho jingine lisiloumia. Fungua kope kwa vidole, na hapa mara nyingi unahitaji mtu wa kukusaidia maana jicho litajifunga lenyewe kwa nguvu hata kama wewe unataka lifunguke. Angalia juu, chini, kulia, kushoto wakati maji yanapita ili na pembe za ndani zioshwe. Dakika 15 ndo kiwango cha chini kabisa, na kama ni simenti, chokaa au ile ya kuzibua mabomba nenda mpaka 30 na kuzidi. Ukiwa umevaa lenzi za macho anza kuosha kwanza, afu ikilegea itoe, usisimamishe maji kwa ajili ya kuitafuta. Kama ni unga unga kama wa chokaa, pangusa ule mkavu ulio usoni na kwenye kope kabla ya kumwaga maji, haraka haraka lakini.

Watu wanaogopa asidi sana kuliko chokaa au simenti, wakati ukweli ni kinyume. Asidi ikigusa jicho inagandisha protini za juu, na ule utando ulioganda unaizuia kidogo isizame. Alkali, yaani kundi la chokaa na simenti, yenyewe inayeyusha mafuta ya kwenye seli, inapita, inaendelea kuzama ndani hata baada ya wewe kuona kama imetulia. Fundi ujenzi aliyerukiwa na simenti mbichi akanawa mara mbili na kurudi kazini ndo mtu ninayemwogopea kuliko wote. Na usijaribu kuzima asidi kwa magadi wala chokaa kwa ndimu, hapo unaongeza joto na kuchoma mara ya pili. Maji tu.

Ukimaliza ndo uende, na ubebe chupa au mfuko wa hicho kilichokumwagikia, au piga picha lebo. Pale watapima kwa kikaratasi kama jicho limerudi karibu na 7 kwenye kipimo cha asidi na alkali, na kama bado watakuosha tena kwa dripu. Usikasirike ukiambiwa unaoshwa upya, ndo matibabu yenyewe.

Jipime kabla hujatoka, dakika moja inatosha

Hii ni kwa ambaye hajaumia wala kumwagikiwa. Ziba jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, angalia kwa jicho lililobaki, afu badilisha. Unashangaa ni watu wangapi wanakuja wanasema "naona ukungu" na hawajui ni jicho gani, kwa sababu macho mawili yakiwa wazi lile zima linaficha ubovu wa mwenzie. Angalia saa ya ukutani au maandishi kwenye simu, unasoma? Angalia fremu ya mlango, ile mistari imenyooka au imepinda? Kuna kona yoyote ya picha imekosekana au imefunikwa na giza? Mwambie mtu akuangalie mboni, zile duara nyeusi za katikati, ziko sawa ukubwa au moja imekuwa kubwa kuliko nyingine?

Afu andika saa. Sio saa uliyoamua kwenda hospitali, saa ya mwisho ambayo una uhakika ulikuwa unaona vizuri. Kama umeamka asubuhi ukakuta jicho halioni, basi saa yako ni ile uliyolala. Madaktari wa kiharusi wanaihitaji hiyo namba kuliko kitu kingine chochote utakachowaambia.

Za kwenda sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku

Jicho moja limezima ghafla bila maumivu. Hapa mshipa unaopeleka damu kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, unaweza kuwa umeziba, yaani ni kiharusi, ila kimetokea ndani ya jicho. Hii usipeleke kliniki ndogo ya macho, nenda hospitali kubwa inayopokea watu wa kiharusi, idara ya dharura, na ni masaa machache tu tunayozungumzia hapa, kila saa inayopita retina inazidi kufa. Na kama lilizima dakika kumi likarudi, bado nenda siku hiyo hiyo. Watu wanafurahi wanasema limepona, wakati hiyo ni onyo kwamba kiharusi cha ubongo kinaweza kufuata. Ukiwa na zaidi ya miaka 50 na siku za karibuni kichwa kinauma kwenye panja, taya zinachoka ukitafuna, ngozi ya kichwa inauma ukichana nywele, sema hayo yote hata kama unaona hayahusiani na jicho. Kuna ugonjwa wa kuvimba mishipa ya damu unaokuja hivyo, dawa zake za steroidi, zile za kutuliza uvimbe, zinaanzishwa haraka bila kungoja majibu yote, na usipotibiwa jicho la pili linaweza kufuata ndani ya siku chache.

Vimwanga vya kumulika pembeni kama radi, vidoti na nyuzi nyeusi nyingi zimeanza ghafla, au kivuli kinaingia kutoka upande mmoja kama pazia. Hii ni retina inachanika au inabanduka. Haiumi. Ikiwa imechanika tu, laser inaweza kuishika mambo yakaisha siku hiyo, lakini ikibanduka inahitaji upasuaji, na kinachoamua utaona vipi baadae ni kama ile sehemu ya katikati ya kusomea bado imeshika au imeshaachia. Ndo maana ukiwa bado unaona vizuri katikati na kivuli kiko pembeni tu, ndo HARAKA zaidi, sio taratibu. Wasioona mbali wenye miwani ya namba kubwa, yaani ile namba ya kutoa, waliowahi kutolewa mtoto wa jicho na waliopigwa jichoni wako hatarini zaidi.

Jicho jekundu linauma, kichwa kinapasuka, unatapika, na taa unaziona zina duara za rangi. Hii ndo inawapoteza wengi kwa sababu inajificha kwenye tumbo. Kuna mama alifikishwa na wanawe katokea kituo kingine alikowekewa dripu ya kutapika, kila mtu anauliza alikula nini, yeye mwenyewe kashika upande mmoja wa kichwa kafumba jicho. Nesi wetu alipomfungua kope tu akaita daktari kwa sauti, kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, kimekuwa na ukungu, mboni imebaki nusu wazi na haisogei hata ukimulika tochi. Ni presha ya jicho imepanda kwa kasi. Kwa hiyo mtu akitapika na kichwa kinamuuma, mwangalie macho. Na mwambie daktari kama amekunywa dawa za mafua au aleji hivi karibuni, baadhi yake zinaweza kuichochea kwa mtu ambaye jicho lake lina njia nyembamba ya kutolea maji.

Kitu kimechoma au kimeingia jichoni. Usikichomoe, usioshe, usikandamize. Funika kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, kitako cha kikombe cha karatasi kilichokatwa kinafaa, bandika kwa plasta kwenye mfupa wa paji la uso na shavuni. Usile wala usinywe njiani maana unaweza kuingia upasuaji. Uliza habari ya chanjo ya pepopunda ukifika. Ila mwenye kipande kinachoonekana hana shida ya kuaminiwa, tatizo ni yule aliyekuwa anagonga chuma kwa chuma, nyundo na patasi, au grainda, akahisi kitu kidogo kimemgusa, kikauma kidogo, kikaisha. Kipande kidogo cha chuma kikiruka kwa kasi kinaweza kupenya mpaka ndani na kuacha tundu ambalo hulioni kwa kioo cha bafuni. Ukiona mboni imevutwa upande mmoja haijakaa duara, au kuona kumepungua, hapo hakuna mjadala. Sema neno "nilikuwa nagonga chuma", na usikubali kipimo cha MRI kabla hawajahakikisha hakuna chuma ndani, kile kipimo ni sumaku.

Mvaaji wa lenzi mwenye jicho jekundu linalouma na mwanga unamchoma, toa lenzi, usiitupe, beba na kikopo chake maana maabara wanaweza kuotesha vimelea kutoka humo. Kuna bakteria wanatafuna kioo cha jicho ndani ya siku moja au mbili tu. Aliyefanyiwa upasuaji wa jicho au kuchomwa sindano ya jicho siku za karibuni, na ghafla linauma zaidi na kuona kunapungua badala ya kuongezeka, asingoje tarehe ya kliniki, arudi leo.

Kuona vitu viwili viwili ghafla, au kope moja imeanguka na mboni ya hilo jicho imekuwa kubwa, hapo shida inaweza kuwa kichwani, nenda dharura ya hospitali kubwa.

Watoto: kope imevimba, ana homa, jicho linatokeza nje au analia ukimwambia aangalie pembeni, usisubiri asubuhi. Kichanga wa chini ya mwezi mmoja macho yanatoa usaha mwingi na kope zimevimba, hiyo nayo ni sasa hivi. Mboni nyeupe kwenye picha ya simu ya mtoto sio ya usiku wa manane, lakini ni ya wiki hii, inaweza kuwa saratani ya jicho na ikiwahiwa inatibika.

Ambazo zinaweza kusubiri

Damu nyekundu iliyotapakaa kwenye weupe wa jicho, haiumi, unaona vizuri, hukupigwa. Inatisha kuliko kitu chochote kwenye ukurasa huu na karibu kila mara haina neno, inafutika yenyewe wiki moja mpaka mbili. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu au inajirudia rudia, pima presha na muone daktari kwa nafasi yako. Chokea nayo, kope kuchezacheza, macho kuwasha yote mawili, zinasubiri. Fundi wa kuchomelea aliyeamka usiku anahisi mchanga jichoni masaa kadhaa baada ya kazi, hiyo ni kuungua na mwanga, inauma vibaya sana, lakini kwa kawaida siku moja au mbili inatulia. Aende akaangaliwe tu kuhakikisha, na asikubali kuuziwa matone ya ganzi ya kwenda nayo nyumbani, yale yanaondoa maumivu huku yanazuia kidonda kupona.

Uende wapi

Duka la miwani lina mtaalamu wa kupima macho, wengine wazuri sana na wanaweza kukuambia hii ni ya kukimbilia, lakini hawafanyi upasuaji na usiku wamefunga. Duka la dawa ndo usiende kabisa kwa hizi za juu. Utapewa matone, na ukiwa na bahati mbaya yatakuwa yana steroidi ndani, jicho linapoa rangi siku mbili unajua limepona kumbe vimelea vinashamiri chini yake. Hiyo hiyo ndo sababu ya kutotumia matone yaliyobaki ya jirani. Na mambo ya kutia maziwa, asali, mkojo, maji ya majani, hapana jamani, unaleta vijidudu kwenye kidonda.

Kinachofaa ni idara ya dharura ya hospitali yenye kitengo cha macho. Mtu mwingine apige simu wakati wewe unavaa viatu, na swali sio "mko wazi?", maana watajibu ndio. Swali ni "daktari wa macho wa zamu yupo sasa hivi au anaitwa?" na la pili "mna ile mashine ya kuangalia jicho kwa darubini?". Wakisema hamna vyote viwili, uliza wao wagonjwa wa jicho usiku wanawapeleka wapi, nenda huko moja kwa moja kama sio mbali sana. Ila kama kituo cha karibu ni dakika kumi na kikubwa ni masaa, anzia karibu ili wakupe huduma ya kwanza na barua ya rufaa. Usiendeshe mwenyewe, na beba miwani yako, dawa zote unazotumia, na matone yoyote uliyokwisha tia.

Pale dirishani

Hapa ndo kwenye kazi. Yule anayekupokea hana muda na mara nyingi hajasomea macho, anasikia sentensi ya kwanza tu afu anaandika. Ukisema "jicho linanisumbua" umeandikwa jicho linasumbua, kaa benchi. Ukianza na hadithi ya tangu juzi ulipokuwa kwa shemeji, umepotea. Sentensi ya kwanza iwe na vitu vitatu: kuona kumefanyaje, jicho gani, tangu saa ngapi. "Jicho la kulia limeacha kuona ghafla, saa tatu usiku nilikuwa naona." "Jicho la kushoto naona vimwanga na kivuli kinatokea pembeni, kimeanza mchana huu." "Nimemwagikiwa na dawa ya kuzibua mabomba, nimeosha nusu saa." Namna hiyo hata karani mchovu anaamka.

Na usipunguze. Sisi tuna tabia ya kujibu "sijambo kidogo" hata tunapokufa, ukiulizwa unaendeleaje sema ukweli, naona mkono wangu tu, herufi sizioni. Usiongeze pia, wakigundua unatia chumvi hawakuamini na la kweli.

Ukiambiwa subiri, uliza kwa upole nani ameamua nisubiri, nesi ameniangalia? Na hali ikibadilika ukiwa benchini, kivuli kimesogea, umeanza kutapika, simama urudi dirishani useme "imebadilika", usione aibu. Mgonjwa aliyekaa kimya anahesabiwa kuwa yuko vizuri.

Ndani, kitu cha kwanza wanachotakiwa kufanya ni kukusomesha herufi, jicho moja moja, ukiwa na miwani yako kama unavaa. Isipokuwa wa kemikali, huyo anaoshwa kwanza. Ukiona unaandikiwa dawa na hakuna aliyepima unaona kiasi gani, sema "samahani dokta, naomba nipimwe kuona kwanza". Ni ombi la kawaida kabisa, na ile namba ikiandikwa ndo itakusaidia kesho kujua unaendelea vizuri au unashuka. Kwa tatizo la retina watakutia matone ya kupanua mboni, utaona ukungu masaa kadhaa na mwanga utakusumbua, ndo sababu nyingine ya kutokuja na usukani mkononi.

Kabla ya kutoka uliza tatizo linaitwaje na uandikiwe, tone lipi mara ngapi, nirudi lini, na nikiona nini nirudi kabla ya hapo. Hata ukiambiwa vile vidoti ni ute wa jicho umejitenga tu na retina iko salama, uliza tarehe ya kuangaliwa tena, kwa sababu retina inaweza kuchanika wiki chache baadae. Ukipewa rufaa, usiondoke mpaka wamepiga simu huko unakokwenda na umejua jina la idara, uwe na karatasi mkononi, na saa yako ile ya kwanza iwe imeandikwa juu yake.